Darubini moja, macho manne

Leo siongelei wivu, siongelei simu za usiku, wala wakwe wakorofi. Leo naongelea darubini, ile ya macho mawili ya kuning'iniza shingoni. Usifunue ukurasa mwingine kwanza! Hii kitu ilinigombanisha na shemeji yenu siku tatu nzima, na siku ya nne ikanifundisha jambo ambalo semina zote za ndoa nilizohudhuria hazikunifundisha.

Ilikuwa Julai mwaka jana. Tulikuwa tunakwenda likizo nyumbani kwao Matema, kule ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, wilaya ya Kyela. Kwa wasiopajua, ukitoka Mbeya unapita Tukuyu, unateremka katikati ya chai na migomba mpaka joto linakupokea Kyela, halafu unapinda kupitia Ipinda kwenye mashamba ya mpunga na kakao. Mwisho wa barabara ni mchanga na maji, na upande wa mashariki Milima ya Livingstone imesimama kama ukuta, miguu yake ndani ya ziwa. Kwa mliooana karibuni na mnatafuta pa kwenda fungate bila kupanda ndege, nimeshawaambia.

Siku moja kabla ya safari shemeji yenu akaingia nyumbani na mfuko. "Sapraizi!" Ndani kuna darubini ndogo nyeusi, vioo vyake vya mbele vinang'aa vyekundu kama taa za breki. Ubavuni imeandikwa 30x60. "Mke wangu, hii inavuta mara thelathini. Tutaona mpaka Malawi!"

Bei? Shilingi 85,000. Hela katoa wapi? Kwenye ile bahasha yetu ya pamoja, ya mafuta ya gari na zawadi za wazazi. Hakuniuliza. Na mimi, nikiri ukweli, sikumuuliza anaitakia nini. Niliuliza bei tu, nikanuna. Kutoka Dar mpaka Mbeya tulikuwa tunaongea na redio ya gari.

Vyungu vyangu

Tulifika Jumapili. Soko la vyungu la Lyulilo, pale pale jirani na Matema, ni la Jumamosi, kwa hiyo lilikuwa limepita jana yake. Vyungu hivyo ni kazi ya mikono ya kina mama wa Kikisi, wa Ikombe na vijiji vingine vya mwambao chini ya milima, na vinaletwa sokoni kwa mitumbwi. Mimi nilikuwa nimeshavipangia kona sebuleni kwangu. Nikalalamika kwa sauti, kama kawaida yangu.

Kitindamimba wao, kijana wa miaka ishirini, akasema, "Shemeji, usijali. Kesho naenda Ikombe na mwenzangu, nakuletea viwili vikubwa." Nikafurahi. Sikuuliza wanakwenda na nini.

Walikwenda na mtumbwi. Waliahidi kurudi saa kumi. Saa kumi ikapita, saa kumi na moja ikapita, na upepo wa kusini ukaanza kuvuma. Miezi hiyo ndiyo yake. Ziwa Nyasa lina urefu wa karibu kilomita 580, na Matema ipo kwenye ncha ya mwisho, kwa hiyo upepo ukivuma kutoka kusini unakuwa umeshayasukuma maji safari ndefu kabla hayajakufikia. Mawimbi yalikuwa yanapiga mchanga kama mtu anayegonga mlango kwa hasira. Mama mkwe akatoka, akasimama, akajifunga kanga upya. Hakusema neno.

Shemeji yenu akaikimbilia darubini yake. Anavaa miwani. Akaiweka machoni, akaishusha, akaiweka tena. "Naona kitundu tu," akasema, akanipa mimi. Nikaangalia. Jamani! Kila kitu kilikuwa cha kijani na cheusi. Picha ilikuwa inatetemeka na jicho la kulia haliafikiani na la kushoto, kama mtu na mkewe waliolala mzungu wa nne. Nikaanza kuumwa kichwa. Jua lilikuwa limeshazama, na chini ya ile milima kulikuwa na kivuli tu.

Shemeji yenu akaiacha mikononi mwangu, akakimbia ufukweni kutafuta mwenye boti ya mashine.

Macho mapya

Sasa hapa lazima niwaeleze kitu cha Wanyakyusa. Kwa mila yao, mkamwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Familia nyingi siku hizi zimelegeza, lakini nyumbani kwetu pale tunaiheshimu. Mzee akiwa barazani, mimi napita nyuma ya nyumba. Sijawahi kupokea kitu mkononi mwake.

Mzee alifanya kazi melini ziwani miaka mingi, enzi za kushinda na kulala bandarini Itungi. Alikuwa ameshasikia kilio. Mara namwona mama mkwe anakuja na darubini kubwa, nzito, ngozi imebanduka, imeandikwa 7x50. Akasema, "Baba yenu anasema, macho yake jioni hayafanyi kazi tena. Ya kwako bado mapya. Angalia wewe."

Nikaiweka machoni. Ukungu mtupu! Nilitaka kuirudisha. Nikasikia sauti ya mzee kutoka upande wa pili wa nyumba, anaongea na mkewe, lakini kwa nguvu ili nami nisikie. "Mwambie imekaa kwa macho yangu. Aibane iendane na uso wake. Afumbe jicho la kulia, ajirekebishie la kushoto kwanza. Halafu afumbe la kushoto, azungushe pete ya kulia. Asiharakishe."

Nikafanya hivyo, vidole vinatetemeka. Na ghafla, wapenzi wasomaji, ukungu ule ukafunguka. Niliona mawe chini ya mlima. Niliona mstari mweupe wa mawimbi. Na mbele ya mawe nikaona mtumbwi, watu wawili, mmoja anapiga kasia na mwingine ameinama anachota maji na kuyamwaga nje. Wazima, wote wawili! Nikapiga kelele, nikamwonyesha mama kwa mkono, na mtoto wa jirani akakimbia kumwambia shemeji yenu na mwenye boti waelekee wapi. Bila hivyo wangekwenda katikati ya ziwa, na giza lingewakuta huko.

Walirudishwa usiku, wameloa, wanacheka ile cheko ya woga. Vyungu viwili vikubwa vilikuwa vimetupwa majini kupunguza uzito. Kilichobaki ni kichungu kidogo walichopewa nyongeza. Ndicho walichokuwa wanachotea maji.

Usiku ule tulikaa nje, mimi na shemeji yenu. Yeye akasema samahani kwa bahasha. Mimi nikasema samahani kwa vyungu na kwa kununa. Halafu tukaomba rula ya mtoto wa shule, tukakaa na zile darubini mbili, na tukaanza kujifunza. Haya ndiyo tuliyoyapata, pale na baadaye, ili wewe na mwenzio msipigwe changa la macho.

Namba mbili, kazi mbili

Kila darubini ina namba mbili zenye alama ya x katikati. Ya kwanza ni ukuzaji. 8x maana yake kitu kilicho mita 800 utakiona kana kwamba kiko mita 100. Namba ya pili ni kipenyo cha kioo cha mbele, kwa milimita. Hiyo ndiyo inayokuambia mwanga kiasi gani unaingia.

Wengi wetu tunakimbilia namba ya kwanza. Tunadhani kubwa ndiyo bora, kama mshahara. Lakini darubini ikikuza kitu mara 30, inakuza na mtetemo wa mkono wako mara 30. Ndiyo maana za kushika mkononi nyingi zinaishia 10x, na watu wa vyomboni, ambako hata sakafu inacheza, wanapenda 7x. Ukitaka zaidi ya hapo utahitaji kitu cha kuisimamishia, na hapo umeshaharibu matembezi.

Kitu kingine, kadiri unavyokuza, ndivyo dirisha lako linavyopungua. Kwenye darubini nyingi utaona maandishi kama 131m/1000m. Maana yake, ukiangalia kitu kilicho umbali wa mita 1,000, unaona upana wa mita 131 tu. Nyingine wanaandika kwa nyuzi, kila nyuzi moja ni kama mita 17 na nusu. Dirisha pana ndilo linalokusaidia kumpata ndege anayeruka, au mtumbwi unaopanda na kushuka na mawimbi. Ukiwa na dirisha dogo utatafuta mpaka ndege ahame.

Na zile zenye kitufe cha kubadili kutoka 10 mpaka 30? Zinavutia dukani, lakini kwa bei za chini huwa dirisha lake ni jembamba, picha inafifia unapovuta, na vile vyuma vya ndani vinavyosogea ni rahisi kukosana. Sisi tuliziacha.

Pima mwenyewe

Maandishi ubavuni hayana kiapo. Kioo cha mbele cha ile 30x60 tulikipima kwa rula: milimita 25. Siyo 60! Yaani namba ya pili ilikuwa uongo wa mchana.

Na ile ya kwanza? Ipo njia. Shika darubini mbali na uso, mkono umenyooka, uielekeze ukutani penye mwanga au angani mbali na jua. Kwenye kila jicho la kuangalizia utaona duara dogo la mwanga. Pima upana wake. Chukua kipenyo cha kioo cha mbele, gawanya kwa upana wa duara hilo, utapata ukuzaji wa kweli. La kwetu lilikuwa karibu milimita 3. Ishirini na tano gawanya kwa tatu, ni kama mara 8. Shemeji yenu alinunua nane akalipia thelathini. Tulicheka mpaka mama mkwe akatuuliza kuna nini.

Giza linapoanza

Lile duara la mwanga ndilo siri yenyewe. Mboni ya jicho lako kwenye jua kali inasinyaa mpaka milimita 2 au 3. Jioni inatanuka, na kwa kijana gizani inaweza kufika 7. Umri ukienda inapunguza kutanuka, mzee anaweza kuishia 5 au chini ya hapo. Mzee wetu alijua anachosema kuhusu macho mapya.

Sasa piga hesabu. 7x50 ni hamsini gawanya kwa saba, unapata milimita 7. Inajaza mboni yote ya kijana jioni. 8x42 inatoa 5 na kidogo. 10x25 inatoa 2 na nusu. Saa sita mchana haina neno, saa kumi na mbili na nusu jioni ni bure. Na ukumbuke kioo cha milimita 50 hakikusanyi mwanga mara mbili ya kile cha 25, kinakusanya mara nne, maana urefu na upana vyote vimeongezeka. Ndiyo tofauti niliyoiona kwa macho yangu pale mchangani.

Kwa nini basi kila mtu asibebe 7x50? Uzito, mpenzi. Shingo itakuuma kabla ya chakula cha mchana. Kama matembezi yenu ni ya mchana na mnataka ya kutia kwenye mkoba, 8x25 au 8x32 zinatosha. Kama mnapenda alfajiri na jioni, 8x42 ni katikati pazuri. Kama mnaishi na ziwa, msikilizeni mzee.

Simu je? Simu nyingi, ukivuta picha kupita uwezo wa lenzi yake, zinakuza vidoti tu. Na jioni ndiyo kabisa.

Nani anavaa miwani?

Hapa ndipo wapenzi wengi wanapokosea, kwa sababu mmoja anakwenda dukani peke yake. Kila darubini ina umbali ambao jicho linatakiwa kukaa kutoka kwenye kioo ili lione duara zima. Kwenye karatasi ya vipimo umeandikwa kwa milimita. Ukivaa miwani, jicho lako linasukumwa nyuma. Umbali ukiwa mfupi utaona kitundu, kama alivyoona shemeji yenu. Anayevaa miwani atafute milimita 15 au zaidi, na zile pete za mpira za machoni ziwe za kushuka. Asiyevaa azipandishe. Ni sekunde mbili tu.

Halafu kuna upana wa uso. Nafasi kati ya macho yenu haifanani, ndiyo maana darubini inakunjika katikati. Mbane au mtanue mpaka yale maduara mawili yawe moja. Mwenye uso mdogo ajaribu dukani kwanza, kuna zisizobana kiasi cha kumtosha.

Na ile pete ya jicho moja, mara nyingi la kulia, ina kazi kubwa. Macho ya mtu mmoja hayalingani, sembuse ya watu wawili. Gurudumu la katikati linarekebisha macho yote pamoja. Pete inarekebisha tofauti yako wewe. Fanya kama mzee alivyosema. Ukishapata, angalia pete imesimama kwenye alama gani, uikariri. Wengi wanarudisha darubini dukani au wanaitupa kabatini wakidhani ni mbovu, kumbe imekaa kwa macho ya mtu mwingine.

Vilivyomo ndani

Sitawachosha. Ndani kuna prizimu, vipande vya kioo vinavyogeuza picha isimame wima. Kuna za mtindo wa Porro, uliotokana na Mwitaliano Ignazio Porro miaka ya 1850, ambazo mabega yake yametanuka. Nyingine ni nyembamba, mabomba yake yamenyooka. Nyembamba ni nzuri kubeba, lakini kuzitengeneza vizuri ni gharama. Kwa hela ndogo, ile ya mabega mapana mara nyingi inakupa picha nzuri zaidi. Ukiona BAK-4 imeandikwa, ni aina ya kioo kizuri cha prizimu. BK-7 ni ya daraja la chini yake. Tena lile duara la mwanga linasema: likiwa mviringo safi, vizuri. Likiwa limekatwa pembe kama almasi, kuna mwanga unapotea.

Kisha utando wa juu ya vioo. Kila uso wa kioo kitupu unarudisha nyuma kama asilimia 4 ya mwanga, na ndani ya darubini nyuso ziko nyingi. Utando unapunguza hasara hiyo. Herufi FMC maana yake nyuso zote zimepakwa tabaka kadhaa. Kioo kizuri kina mng'ao hafifu wa kijani au zambarau. Ule wekundu wa taa za breki unarudisha nyuma mwanga mwekundu, ndiyo maana mimi niliona ziwa la kijani. Ni urembo tu, kama kucha za bandia.

Joto la Kyela, baridi ya Tukuyu

Kyela ni joto na unyevu. Tukuyu ipo zaidi ya mita 1,000 juu yake, na baridi yake mnaijua. Darubini ya kawaida ukiipandisha na kuishusha hivyo, hewa yenye unyevu iliyomo ndani inageuka ukungu kwenye vioo, tena upande ambao kitambaa hakifiki. Zile zilizozibwa na kujazwa naitrojeni hazina tatizo hilo. Kwa pwani, visiwani na maziwani, hicho ndicho kitu cha kulipia, kuliko ukuzaji.

Adui mwingine ni kuvu, inayoota kwenye vioo kama utando wa buibui. Usiifungie darubini kwenye mfuko wa ngozi ikiwa na unyevu. Ikaushe, weka na vile vifuko vidogo vya punje vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Mchanga upulize kwanza ndipo ufute, la sivyo unakwangua kioo. Na hili ni la watoto na wakubwa: usielekeze darubini kwenye jua hata sekunde moja. Linachoma jicho moja kwa moja.

Dukani nendeni wote

Kabla hamjatoa hela:

1. Semeni kwanza mnaitakia nini na mtaitumia saa ngapi. Hapo ndipo sisi tulipokosea, kabla hata ya duka.
2. Pimeni kioo cha mbele kwa rula. Kikikataa kufanana na maandishi, ondokeni.
3. Tokeni nayo nje, muangalie ukingo wa jengo au nguzo ya mbali. Mstari ulionyooka ubaki umenyooka, usiwe na rangi za upinde wa mvua pembeni.
4. Macho yote mawili yaone picha moja. Kama mnaona mbili, au jicho linavutwa, msimsikilize anayesema mtazoea.
5. Kila mmoja ajaribu, mwenye miwani akiwa na miwani yake.
6. Tikiseni taratibu. Kitu kikilia ndani, kimeshaachia.
7. Ombeni risiti na siku za kurudisha.

Na mkishaipata, iwe na adabu. Ufukweni kuna watu wanaoga, usiwaelekezee. Mpakani Kasumulu, bandarini, au karibu na askari, iache kwenye begi au uliza kwanza.

Sisi tulinunua 8x42, imezibwa maji, mabomba yaliyonyooka, kwa hela iliyozidi mara tatu ile ya kwanza. Tuliichangia miezi minne, bahasha ikiwa mezani, wote tunaiona. Mwaka huu tulirudi nayo Matema. Nimemwona furukombe akiteremka mpaka majini na kupanda na samaki kwenye kucha. Nimeona lile wingu la wadudu linalosimama juu ya ziwa kama moshi, ambalo bila darubini ungesema meli inaungua. Shemeji yenu ameona vyote hivyo na miwani yake usoni.

Tuliipeleka na kwa mzee, kwa mkono wa mama. Alikaa nayo mchana kutwa barazani. Jioni ikarudi na maneno mawili, "Ndaga fijo," yaani asante sana, na kuongeza kwamba ni nzuri lakini ni nyepesi mno, si ya mwanaume wa melini.

Nikaiweka machoni. Ukungu mtupu! Zamani ningesema imeharibika, na ningesema ni nani ameiharibu. Safari hii nilifumba jicho la kulia, nikaanza na la kushoto.

Tukutane mwezi ujao. Kile kichungu kidogo kipo sebuleni kwangu, na hakiuzwi.